Maji ya Kiganja, Umati wa Uwanja: Vinara wa Visima Vitakatifu vya Ireland

Kwa ukubwa, visima vitakatifu vya Ireland vingetolewa raundi ya kwanza. Vingi ni chemchemi za kina cha goti zilizozungushiwa mawe, pembeni kikombe, juu yake mti uliofungwa vitambaa. Hakuna kamba wala ndoo: unainama na kuchota kwa kiganja. Lakini achana na kina. Pima umati, pima karne, pima kilomita za kutembea peku na saa za kukesha bila kusinzia, uone mashindano yanavyogeuka. Vinara ni hawa, na kila panapowezekana rekodi yao tumeiwekea kipimo cha kwetu, asije mtu akasema tumetia chumvi.

1. Wingi: visima 3,000

Hiyo ndiyo hesabu inayotajwa mara nyingi kwa kisiwa kizima. Kisiwa chenyewe kina kilomita za mraba 84,000 na ushee, kwa hiyo ni wastani wa kisima kimoja kwa kila kilomita za mraba 28. Kwa msongamano huo, Unguja peke yake ingekuwa na visima vitakatifu kama 60. Vingi vina mtakatifu wake. Patrick na Brigid wamejizolea vya kutosha, na vinavyobaki vimegawanywa kwa watakatifu wa vijijini ambao nje ya parokia zao hakuna anayewajua. Hata katikati ya Dublin kipo: kisima cha Patrick kiko chini ya mtaa wa Nassau, ubavuni mwa Chuo cha Trinity, na magari yanapita juu yake.

2. Ugonjwa unaoongoza: macho

Kuna visima vya meno, vya kichwa, vya tumbo, vya mgongo, vya chunjua, na vya wanaotafuta mtoto. Macho ndiyo bingwa, na visima vya macho vimetapakaa kila upande wa nchi. Anayeumwa macho huyaosha kwa maji ya kisima, husali, kisha huacha kitu: pini, sarafu, kitufe, kipande cha nguo.

Kwa ukamilifu wa huduma, tuzo naipa Faughart, katika kaunti ya Louth, panaposemekana Brigid ndipo alipozaliwa. Pale kuna kijito na mawe, na kila jiwe lina kiungo chake: la kichwa, la macho, la magoti, la kiuno, la mgongo. Mgonjwa anajipeleka mwenyewe kwenye jiwe linalomhusu, analigusisha mahali panapouma, anasali na kuhamia linalofuata.

Tuzo ya tiba yenye utani inakwenda Ardmore, kaunti ya Waterford. Ufukweni kuna Jiwe la Mtakatifu Declan, limekaa juu ya mawe mengine na kuacha upenyo mwembamba chini. Mwenye baridi yabisi ya mgongo hungoja maji ya bahari yakupwe, kisha hutambaa kwa tumbo apite chini yake. Hapo ndipo ninapowaza: mtu anayeweza kupenya pale tayari ana mgongo mzuri kuliko wangu. Wenyeji huongeza sharti moja, kwamba aliyevaa nguo ya wizi au ya kuazima hapiti. Sikukuu ya Declan ni tarehe 24 Julai.

3. Hesabu nyingi kuliko maji: Ballyvourney

Usidhani mtu anafika, anakunywa na kuondoka. Kisima kina raundi zake, na raundi zina idadi. Unazunguka kwa kufuata njia ya jua, mkono wa kulia ukiwa upande wa kisima. Ukizunguka kinyume, watu wa zamani walisema unaita laana. Unaokota vijiwe kwa idadi ya raundi, na kila ukimaliza moja unaweka kimoja chini, maana Baba Yetu na Salamu Maria zikishafika makumi, kichwa peke yake hakiaminiki.

Bingwa wa utaratibu huu ni Ballyvourney, kaunti ya Cork, kwa Mtakatifu Gobnait, msimamizi wa nyuki. Siku yake ni 11 Februari, katikati ya baridi kali, na watu wanakuja hivyo hivyo. Kwenye kila kituo cha sala kijiwe hutumika kama kalamu: hujaji huchora msalaba juu ya jiwe la kituo, palepale alipochora aliyemtangulia. Misalaba hiyo imechimbika kwa mikono ya vizazi na vizazi.

Kisha kuna riboni. Parokia inatunza sanamu ya Gobnait ya mti wa mwaloni, ya karne ya 13. Siku ya sikukuu mahujaji hupanga foleni, kila mmoja na riboni zake mkononi. Akifika mbele anainyoosha riboni kwa urefu wa sanamu, kichwani hadi miguuni, kisha anaizungusha kiunoni. Riboni iliyopimwa hivyo inapelekwa nyumbani, inawekwa kabatini, na mtu akiugua inafungwa pale panapouma. Ng'ombe naye akiugua, hanyimwi. Sanamu ya miaka 700 na zaidi, na bado inafanya kazi kila mwaka!

4. Kitambaa chenye foleni ndefu: Doon

Kisima cha Doon, kaunti ya Donegal, kiko jirani na mwamba walipotawazwa watawala wa ukoo wa O'Donnell. Desturi ni kuvua viatu kabla ya kuchota. Pembeni kuna vichaka vilivyobeba vitambaa, rozari na soksi za watoto. Kanuni ni hii: kitambaa kilichogusa ugonjwa kinafungwa mtini, na kadiri kinavyooza, ugonjwa nao unapungua. Kumfungulia mwenzako kitambaa chake ni kujitwisha ugonjwa wake, kwa hiyo havina mwizi.

Tatizo ni nailoni. Pamba na sufu vilioza kwa msimu mmoja au miwili. Siku hizi watu wanafunga plastiki na riboni za dukani ambazo zitamaliza miaka mingi zikipepea. Kwa mantiki ya kisima chenyewe, huko ni kujicheleweshea uponyaji.

Kwa uzito wa vitu vilivyoachwa, Doon ina mpinzani mmoja wa kweli: Kisima cha Brigid cha Liscannor, kaunti ya Clare, karibu na majabali ya Moher. Maji yako mwisho wa ujia mwembamba wenye paa, na kuta zake mbili zimejaa: sanamu za Maria bega kwa bega, picha za marehemu, kadi za mazishi, rozari juu ya rozari mpaka msumari hauonekani. Karatasi zimelainika kwa unyevu na baadhi ya nyuso zimefutika. Unyayo wa mtu mmoja ndio upana uliobaki. Brigid huyo huyo ana rekodi nyingine ya karibuni: tangu 2023 Ireland ina sikukuu ya taifa kwa jina lake, ya kwanza nchini humo kupewa jina la mwanamke.

5. Kumbukumbu nene: kurasa 740,000

Tunajuaje haya yote? Kwa sehemu kubwa, kwa kazi ya watoto. Kati ya 1937 na 1939 Tume ya Ngano ya Ireland iliwatuma wanafunzi wa shule za msingi wakawahoji wazee wa nyumbani na majirani, wakaandika kwenye madaftari: kisima kiko wapi, kinatibu nini, kimewahi kumponya nani. Shule zilikuwa kama 5,000, watoto zaidi ya 50,000. Waketishe katika Uwanja wa Benjamin Mkapa wenye viti 60,000, watakuachia nafasi chache tu za mashabiki. Mkusanyiko wao unafikia kurasa zipatazo 740,000, ambazo kwa rimu za kawaida za karatasi 500, ukiandika upande mmoja, ni rimu 1,480.

Kinachojirudia humo ni visa vya visima vyenye hasira. Mtu anafulia nguo kisimani, au anamvua samaki mtakatifu aishiye humo, na kesho yake kisima kimehama. Kimeibukia shamba la pili. Samaki huyo, kwa kawaida trauti, ndiye aliyekuwa cheti cha uponyaji: ukimwona, umepona.

6. Mkongwe asiyekatika: Ballintubber, 1216

Kwenye chemchemi ambayo mapokeo yanasema Patrick alibatizia watu, mfalme wa Connacht, Cathal Crovdearg O'Conor, alijenga abasia mwaka 1216, katika kaunti ya Mayo ya leo. Askari wa Cromwell waliichoma 1653. Kwa zaidi ya miaka 300 sehemu kubwa ilibaki bila paa, na waumini wakaendelea kusali humo kwenye mvua ya Mayo, ambayo si ya mchezo. Paa lilirudi 1966. Abasia inajivunia kwamba Misa haijawahi kukoma tangu ilipoanzishwa, miaka 800 na ushee.

Tupime. Fort Jesus ya Mombasa ilianza kujengwa 1593, kwa hiyo Ballintubber inaipita kwa miaka 377. Ushindi mkubwa! Lakini Waireland wasishangilie mapema: maandishi ya Kikufi katika msikiti wa Kizimkazi, kusini mwa Unguja, yana tarehe ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Kizimkazi inaongoza kwa miaka 109, ingawa jengo lake lilijengwa upya baadaye. Pointi moja kwetu.

Kutoka Ballintubber inaanza njia ya mahujaji ya kilomita 35 hadi mlima wa Patrick, Croagh Patrick. Ni kama kutoka katikati ya Dar es Salaam kwenda Kibaha kwa miguu, kisha ukifika Kibaha uambiwe bado kuna mlima.

7. Umati wenye hofu kuliko wote: St Mullins, 1348

Rekodi hii haina mshindani, na laiti isingekuwepo. Mwaka 1348 Tauni Kuu ilitua Ireland. Padri mtawa wa Kilkenny, John Clyn, aliandika kwamba Septemba na Oktoba ya mwaka huo watu walimiminika kutoka kila pembe kwenda kwa Mtakatifu Moling, mahali panapoitwa leo St Mullins, kaunti ya Carlow, wakavuke maji yake kwa miguu. Maaskofu, watawa, mabwana wakubwa, wanaume kwa wanawake. Walionekana maelfu kwa pamoja, siku nyingi mfululizo. Clyn hakuficha sababu: wengine walikuja kwa ibada, wengi kwa kuogopa tauni.

Kwa kipimo cha pwani yetu, ilikuwa miaka 17 tangu Ibn Battuta apite Mombasa na kufika Kilwa.

Kukusanya maelfu kwenye maji yale yale wakati wa tauni ni ushauri ambao hakuna daktari angeutoa leo. Clyn mwenyewe kumbukumbu zake zinakatika mwaka uliofuata, 1349. Aliacha ngozi tupu za kuandikia ili kama yupo atakayebaki hai aendeleze, na mkono mwingine ukaongeza kwamba inaelekea mwandishi alifia hapo. Hija ya St Mullins ingalipo hadi leo, kila Julai.

8. Ada kali: shilingi 10 au viboko

Bunge la Dublin la mwaka 1704, lililokuwa mikononi mwa Waprotestanti, lilipitisha sheria dhidi ya mikusanyiko visimani. Atakayekamatwa kwenye hija: faini ya shilingi 10. Mwenye genge la kuuza vyakula na vinywaji hapo: shilingi 20. Asiye na pesa: viboko hadharani. Shilingi za wakati ule, si hizi zinazobaki mfukoni mwa konda.

Sheria ilishindwa. Watu waliendelea kwenda, na kwenye kisima cha Tobernalt, kaunti ya Sligo, walisali Misa ya siri juu ya jiwe msituni. Karne ya 19 maaskofu Wakatoliki wenyewe wakaingia uwanjani, safari hii wakilalamikia ulevi na ngumi, maana siku ya mtakatifu ilikuwa asubuhi sala, jioni gongo na koo mbili kupasuana vichwa kwa fimbo. Nao wakafanikiwa nusu tu. Jumapili ya mwisho ya Julai, kabla hapajapambazuka, Tobernalt bado inajaa.

9. Juu zaidi: mita 952

Mlima mrefu kuliko yote ya hija nchini humo ni Brandon, kaunti ya Kerry, mita 952, na karibu na kilele kuna kisima cha Mtakatifu Brendan, baharia. Jengo la KICC la Nairobi lina mita 105. Pandisha tisa, moja juu ya lingine, na bado hujafika. Njia ya watakatifu inayoelekea huko kutoka ufukwe wa Ventry ina kilomita 18.

Kwa umati, hata hivyo, Brandon inapigwa vibaya na Croagh Patrick ya Mayo, mita 764, ambako inasemekana Patrick alifunga siku 40 mwaka 441. Jumapili ya mwisho ya Julai hupanda watu 15,000 hadi 30,000. Ukichukua idadi ya juu, umeujaza Uwanja wa Nyayo wote na kuusimamisha kwenye mteremko wa kokoto zinazoteleza. Wapo wanaopanda peku. Vikosi vya uokoaji hukesha tayari na machela, na machela hutumika.

Mkazi wa Iten atacheka kusikia mita 764, yeye anayelala kwenye mita 2,400. Tena Patrick huyo kwake si mgeni: shule ya St Patrick's ya Iten, iliyotoa wakimbiaji mabingwa wa dunia, ilianzishwa na mabruda kutoka Ireland. Lakini Croagh Patrick inaanzia ufukweni. Kila mita kati ya zile 764 unailipia kwa magoti yako mwenyewe.

10. Maji yenye vituko: washindi watatu

Nimeshindwa kuchagua mmoja. Wa kwanza ni Fore, kaunti ya Westmeath, kwa Mtakatifu Fechin, ambako wenyeji wanasema maji ya kisima hayachemki, na atakayejaribu kuyachemsha ataandamwa na nuksi. Mti wa hapo nao unasemekana hauungui. Moto haukuuweza, lakini sarafu za shaba walizozipigilia mahujaji kwenye gome ziliumaliza.

Wa pili ni kisima cha Mtakatifu Augustino, mjini Galway. Kiko ufukweni, na maji ya bahari yakijaa kinafunikwa kabisa. Ukichelewa, umekosa dawa mpaka maji yakupwe. Mwaka 1673 kijana Patrick Lynch, aliyekatiwa tamaa na waganga, alipelekwa hapo akachovywa, na watu waliokuwepo wakatoa ushahidi wa maandishi kwamba alipona.

Wa tatu ni Gleann na nGealt, bonde la wenye wazimu, kaunti ya Kerry. Kwa karne nyingi waliorukwa na akili waliaminiwa kukimbilia huko, kunywa maji ya kisima na kula mboga inayoota majini. Vipimo vya kisasa vimekuta humo chembe za lithiamu, madini ambayo madaktari wa akili wanayatumia kutuliza hisia zinazopanda na kushuka. Kiasi ni kidogo mno kuweza kuwa dozi. Wazee wa Kerry hawakuwa na maabara, na bado walilenga karibu hivyo.

11. Bingwa wa mabingwa: Lough Derg

Dhahabu haina ubishi. Kisiwa kidogo katika ziwa la Lough Derg, kaunti ya Donegal, ambacho kwa dunia ya Zama za Kati kilikuwa mlango wa toharani: palikuwa na pango, na aliyefungiwa humo usiku mmoja aliaminiwa kuonja mateso ya ng'ambo. Mwaka 1397 alifika Ramon de Perellós kutoka Katalonia. Mwaka 1411 akaja Laurence Rathold, bwana wa Hungaria, karibu kilomita 2,000 kutoka kwao. Endesha lori kutoka Mombasa hadi Kigali, bado hujamfikia, naye hakuwa na lori. Papa aliamuru pango lifungwe 1497. Serikali ikalibomoa 1632. Mahujaji wakarudi, kama kawaida yao.

Hija ya leo ni siku 3. Unafunga tangu saa sita usiku kabla ya kuja. Ukifika unavua viatu, na huvivai tena mpaka unaondoka. Vituo ni 9, sehemu yake ukivizunguka peku juu ya mawe makali, kwenye misingi ya vyumba vya watawa wa kale, ukipiga magoti kwenye mvua na kusimama tena. Chakula ni mara moja kwa siku: mkate mkavu na chai ya rangi. Saa 4 usiku wa kwanza linaanza kesha, linaisha saa 4 usiku wa pili. Saa 24 bila kusinzia. Panda basi la alfajiri Dar hadi Mwanza, ushuke, ule, uoge, na mwenzako wa Lough Derg bado anakatazwa kufumba macho. Ukisinzia, jirani ana ruhusa ya kukutikisa.

Hakuna hija ya Ireland inayodai zaidi ya hapo, na katika Ulaya nzima nadhani wapinzani wake wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Msimu wa siku 3 unaanza karibu 1 Juni na kufungwa katikati ya Agosti, na mwenye umri chini ya miaka 15 haruhusiwi kuifanya hija hiyo.